Minyoo kwa Kikisii

Bosibori ndiye aliyemshika kuku miguu. Daktari wa mifugo alikuwa ameomba mtu yeyote ajitokeze, na wanaume waliokalia viti vya mbele wakatazamana, wakacheka, hakuna aliyenyanyua makalio. Basi akatoka yeye, maana kuku alikuwa wake. Alikuwa mtetea wa madoadoa, mlezi hodari wa vifaranga, ambaye kwa majuma kadhaa sasa alishinda amesimama kwenye kivuli cha migomba, mabawa yameshuka hadi chini. Kilemba chake kilikuwa kimepauka. Ukimpapasa kifuani ulikuta mfupa mtupu.

"Mshike vizuri, mama," daktari akamwambia.

Alimshika. Kisu kikapita, miguu ikapiga teke viganjani mwake, kisha ikalegea. Kuku yule alikuwa chumvi yake, sabuni yake na mafuta yake ya taa, naye alimtoa kwa hiari mbele ya baraza zima kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyekwenda mjini kumwita daktari. Kuku walikuwa wanakwisha mlima mzima wa Manga. Wanawake wenzake walilalamika kanisani kila Sabato, mpaka akachoka na malalamiko, akavaa viatu, akaenda.

Daktari aliitwa Mwadime, mtu wa Taita, kijana, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata. Alikuja na njia mpya na alijivunia kweli. Zamani, alieleza, kinyesi cha kuku kilifungwa kikapelekwa maabara ya mbali, na majibu yaliporudi kuku walikuwa wamekwisha kuwa mbolea. Leo majibu yangepatikana papo hapo. Akakoroga kinyesi kwenye maji ya chumvi nyingi, akangoja mayai ya wadudu yaelee, akadondosha tone juu ya kioo, akainamia hadubini iliyosimama kwenye dawati la shule. Akatabasamu. Kisha akachukua mkasi, akampasua yule kuku utumbo kwa urefu, ili hata asiye na hadubini aone.

Wakamwagika. Weupe, warefu, wamejisokota, wengine bado wakijinyonganyonga juu ya gazeti. Watu wa mbele wakarudisha viti nyuma.

"Minyoo," akasema Mwadime. "Chifu, waambie."

Nyangau hakuwa chifu, alikuwa naibu tu, lakini hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Kiswahili alikipata jeshini wakati wa Mwingereza, na katika baraza lolote lililojiwa na mgeni wa serikali, mkalimani alikuwa yeye. Akauelekezea utumbo kirungu chake. Kisha kirungu kikahama, polepole, kikamwelekea Bosibori.

"Chinchoka," akasema.

Katika Kikisii, nyoka wa majanini na mnyoo wa tumboni wana jina moja. Mama akisema mtoto wake ana chinchoka, majirani hawakimbii, wanamshauri dawa. Msikilizaji huchagua mwenyewe, kwa kumtazama msemaji na mahali alipo. Na siku ile msemaji alikuwa ameshusha sauti, na kirungu chake kilikuwa kimemwelekea mjane.

"Inaanzia kwenye boma," Mwadime akaendelea, akifuta mkasi. "Kuku wakiwa wengi mahali pamoja, wanaambukizana. Kwa huyu mama kuku ni wengi, kwa hiyo inawezekana chanzo ni hapo. Si kosa lake."

"Daktari anasema wanatoka nyumbani kwa mwanamke huyu," Nyangau akatafsiri. "Ndiko wanakolala."

Maneno "si kosa lake" hayakuvuka kwenda upande wa pili.

"Na nani anawalisha?" sauti ikauliza kutoka katikati ya watu.

Bosibori hakuhitaji kugeuka. Alikuwa Joash, mdogo wa marehemu mumewe. Swali lile Nyangau hakumtafsiria daktari. Alilijibu mwenyewe. "Nani mwingine anaishi pale?"

Daktari akaona watu wananong'onezana, akadhani wamevutiwa na elimu. Akaahidi kurudi na dawa.

Ukweli ni kwamba Joash alikuwa ameanza kuitafuta siku kama ile tangu Makori, mume wa Bosibori, alipozikwa. Bosibori hakuzaa mtoto wa kiume, alizaa binti mmoja ambaye ameolewa upande wa Tabaka. Mara tu matanga yalipoisha Joash alikuja jioni na kirago chake, kumrithi mke wa ndugu yake kama desturi inavyotaka, na Bosibori akamwambia kupitia upenyo wa mlango kwamba yeye amebatizwa, arudi kwa wake zake. Kisha wapima ardhi wakapita na minyororo yao. Shamba la Makori, lenye majani chai machanga juu na migomba chini, likaandikwa kwa jina la Makori, na Makori alikuwa kaburini. Maadamu mjane anaishi pale, Joash angetazama tu. Mjane akiondoka, lote ni lake, isipokuwa kile kipande cha barabarani, kando ya kituo cha kununulia majani chai. Hicho alikuwa amemwahidi Nyangau, ajenge duka.

Sabato iliyofuata, benchi la Bosibori kanisani lilibaki tupu pande zote mbili. Mayai yake yakakosa mnunuzi. Persis, rafiki yake wa tangu walipoolewa mlimani, akaanza kupitia njia ya chini kwenda mtoni, ile yenye matope, ili asikatishe mbele ya mlango wake. Watoto walimwona wakatimua mbio huku wakicheka, na kicheko kile kilimchoma kuliko ukimya wa wakubwa. Halafu siku moja, mchana kweupe, akirudi kutoka kisimani, akakuta banda la kuku limeteketea. Kuku waliobaki walikuwa ndani.

Nyangau alikuja kuangalia majivu. Hakuuliza ni nani.

"Rudi kwenu Marani, mama," akamwambia, kwa upole kabisa. "Kwa usalama wako. Leo ni banda. Serikali haiwezi kulinda mtu ambaye watu hawamtaki."

"Serikali haiwezi, ama wewe hutaki?"

"Mimi ndiyo serikali," Nyangau akasema, akainama kupima kwa macho kile kipande cha barabarani.

Usiku ule Bosibori hakulia. Alikaa akiwaza nyuso mbili, ya Nyangau na ya Joash, na jinsi angependa kuziona zimebadilika. Kufukuzwa kwenda Marani, kwa kaka ambaye mkewe angemhesabia kila kijiko cha unga wa wimbi, ilikuwa ni kufa. Lakini kufa peke yake, hapana. Hilo alikataa.

Alirudi mjini. Kiswahili alikijua vizuri. Alikulia kwenye mashamba ya chai ya Kericho, baba yake akichuma majani, yeye akicheza na watoto wa kila kabila. Alimkuta Mwadime nje ya ofisi ya mifugo akipakia makopo kwenye gari.

"Daktari, lile neno lako limenichomea banda."

Akamweleza. Mwadime alisikiliza, mwanzo akitabasamu, kisha bila kutabasamu.

"Mama, mimi nilisema minyoo. Minyoo ni minyoo. Serikali haiamini uchawi."

"Wao wanaiamini serikali. Hiyo ndiyo shida yangu."

Mwadime akajikuna shingo. Alikuwa mtu mwema, wa wema ule usiopenda kuchelewa kula chakula cha mchana. "Nitakuja tena na dawa. Nitaeleza upya."

"Usieleze. Pasua. Safari hii usipasue wangu, kwanza sina. Pasua jogoo wa chifu. Pasua wa Joash. Wapasue mbele ya watu wote."

"Kila kuku wa mlima ule ana minyoo, mama. Hilo sina shaka nalo."

"Basi ndivyo ninavyotaka."

Njia nzima ya kurudi alitembea kama msichana. Akilini alimwona Nyangau amesimama mbele ya utumbo wa jogoo wake mwenyewe. Alimwona Joash anatafuta pa kuficha uso. Alitaka wapatwe na kile walichompa, tena hadharani, tena kwa mkasi ule ule. Akaimba wimbo wa kanisani hadi nyumbani, na maneno ya wimbo hayakuwa na uhusiano wowote na yaliyokuwa moyoni mwake.

Baraza la pili lilijaa kuliko la kwanza. Habari zilikuwa zimesambaa hata vijiji vya ng'ambo ya mto, na watu walikuja kumtazama mwanamke wa nyoka. Mwadime akaomba kuku wa boma la chifu, na Nyangau, kwa kuwa aliombwa na mgeni mbele za watu, hakuweza kukataa. Jogoo wake mwekundu akaletwa. Kisu, mkasi, gazeti. Wakamwagika, wengi kuliko wa siku ile. Akaletwa mtetea wa Joash. Wakamwagika.

Bosibori alisimama pembeni, mikono kifuani. Furaha ilimpanda hadi kooni, furaha chafu, na hakuionea haya.

"Mnaona?" Mwadime akasema kwa sauti kubwa. "Kuku wote wa mlima huu wana minyoo. Wa chifu, wa kila mtu. Si wa mama huyu peke yake. Mama huyu hana hatia yoyote. Chifu, waambie hivyo hivyo."

Nyangau alitazama utumbo wa jogoo wake. Jasho lilikuwa limetoka chini ya kofia yake ya serikali, na kwa kitambo Bosibori aliamini ameshinda.

"Watu wangu," Nyangau akasema kwa Kikisii. "Daktari anasema tumechelewa. Nyoka wa mwanamke huyu wamekwisha kuingia kila boma. Hata kwangu mimi wamefika. Mmeona wenyewe."

Mlio ukawatoka watu, mzito, kama wa matangani.

"Wameelewa," Mwadime akasema, ameridhika.

"Daktari, hakusema hivyo!" Bosibori akapaza sauti kwa Kiswahili. "Amegeuza! Amesema nyoka wangu wameingia kwao!"

Mwadime akamgeukia Nyangau. Nyangau akacheka kicheko cha mtu mzima anayeonea aibu ukosefu wa adabu wa wengine. "Hii mama iko na matatizo kidogo tangu bwana yake akufe. Tunamvumilia tu."

"Mama, ngoja chifu amalize," Mwadime akasema. "Maswali ni mwishoni."

Basi Bosibori akaelewa. Angeweza kuleta kuku wa Nyamira nzima, wakapasuliwa mmoja mmoja mpaka jua lizame, na kila utumbo ungekuwa ushahidi juu yake. Ukweli haukuwa na njia ya kufika kwa watu ila kupitia mdomo wa Nyangau. Tayari Joash alikuwa amesimama na vijana wake, wanasogea, na mmoja alishika kijinga cha moto kilichotoka jikoni kwa mwalimu.

Bosibori akapanda juu ya kiti. Akaacha Kiswahili.

"Ni wangu," akasema kwa Kikisii. "Ndiyo. Ni mimi."

Joash akasimama alipokuwa.

"Nimewafuga mimi, nimewatuma mimi. Lakini mnaangalia kuku, wajinga nyinyi. Kuku ni njia tu. Niambieni, katika mlima huu kuku analiwa na nani? Sisi wanawake mmetukataza. Mama zetu hawakumla, sisi hatumli, hata mchuzi wake hatuonji. Tunachinjiwa, tunapika, tunawapa. Kidari alikula nani? Joash, firigisi ya jogoo wa matanga ya ndugu yako, niliyokuandalia kwa mikono yangu hii, iko wapi sasa hivi?"

Mkono wa Joash ukaenda tumboni, wenyewe.

"Naibu wa chifu," akasema, na kwa mara ya kwanza mtu alimwita kwa cheo chake halisi, "wewe umekula kuku katika kila boma ulilokwenda kuamua kesi. Una wangapi humo?"

Mahali fulani nyuma mwanamke akacheka. Alikuwa Persis. Alicheka kwa sauti, ameshika magoti, na wanawake wengine wakaanza kusogea mbali na waume zao, kidogo kidogo, wakiwatazama matumbo.

"Anasema nini?" Mwadime akauliza. "Chifu, anasema nini?"

Nyangau hakutafsiri. Alikuwa ameshika mkanda wake kwa mikono miwili. Mzee mmoja akatapika, na hapo utaratibu wote ukavunjika. Wanaume wakalivamia dawati, wakapindua hadubini, wakafungua makopo ya dawa, wakaibwia kwa viganja, unga mweupe kwenye ndevu. "Hiyo ni ya kuku!" Mwadime alipiga kelele. "Jamani, ni ya kuku hiyo!" Hakuna aliyemsikiliza, wala hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtafsiria.

Bosibori alishuka kwenye kiti. Walimpisha. Kijana mwenye kijinga cha moto alikiangusha na kurudi nyuma, na yeye akatembea katikati yao hadi kwake, taratibu, akijua kwamba kwa mara ya kwanza tangu awe mjane hakuna atakayemgusa.

Ni askari kanga, wale wa utawala, waliomgusa, kesho yake asubuhi. Waliletwa kutoka tarafa nyingine.

Kuna sheria, tangu wakati wa mkoloni. Sheria haiamini uchawi, lakini inamfunga mtu anayejitangaza mchawi akatia watu hofu. Aliyechoma banda hakutafutwa. Bosibori alikuwa na mashahidi baraza zima. Mwadime hakuitwa, alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine, na hadubini iliyovunjika ikamfuata kwenye mshahara.

Alipokuwa mahabusu, Persis alimletea ndizi za kuchoma na habari. Joash amehamia kwenye nyumba ya Makori, lakini halali. Amekonda. Amekwenda hospitali, amekunywa dawa ya wazungu, amekunywa dawa ya mganga, bado anasema wanatembea. Nyangau naye hali kuku tena wala nyama yoyote, na katikati ya baraza hukatiza maneno, akasikiliza tumbo lake. Lakini mawe ya msingi wa duka yameshashushwa barabarani.

"Wasamehe uwatoe hofu, dada," Persis akasema. "Utatoka humu."

"Nitoke niende wapi?"

Persis akamenya ndizi.

Siku ya kesi Joash aliketi benchi la mashahidi, koti limemzidi. Nyangau alikuwa kando yake, ameshika kofia juu ya tumbo. Hakimu alikuwa mtu wa haraka aliyesema Kiingereza, na karani wake akageuza kwa Kiswahili.

"Mheshimiwa anasema yeye haoni haja ya kumfunga mama mzima kwa upuuzi. Ukiwaambia hawa watu kwamba ulidanganya, kwamba ile ilikuwa minyoo tu, atakuachia kwa onyo, na ataagiza urudishwe nyumbani kwa marehemu bwana yako. Unasemaje?"

Joash akainuka nusu. "Sema, shemeji," akanong'ona kwa Kiswahili chake kibovu, machozi yakimlenga. "Sema ni minyoo. Sema tu."

Bosibori akamtazama mpaka akashiba. Kisha akamgeukia karani, akatikisa kichwa, akamwambia kwa Kikisii kwamba hakuelewa hata neno moja.

"Anaelewa!" Nyangau akasema. "Kiswahili anajua sana, bwana. Anajua kunishinda."

Hakimu akakunja uso. Mshtakiwa ana haki ya kusikia na kujibu kwa lugha yake. Katika hilo sheria ilikuwa kali. Mkalimani wa mahakama alikuwa amekwenda mazishini. Hakimu akatazama huku na huku, akamwona mtu wa serikali mwenye kofia, akamwamuru asimame, ashike Biblia, aape kutafsiri kweli tupu.

Nyangau akaapa. Akamtafsiria Bosibori maneno ya hakimu, yote, bila kupunguza, na mwishoni sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Bosibori akajibu kwa neno moja.

"Chinchoka."

"Anasema ni nini?" karani akauliza.

Nyangau alikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Moja lingemtuliza tumbo, yeye na Joash na wanaume wote wa mlima, nalo lingemrudisha mjane shambani, mawe ya msingi yakaondolewa. Joash alimvuta koti. Bosibori alingoja, mikono juu ya kizimba, hana haraka. Alimjua mtu huyu, na alijua ardhi ya barabarani ina bei gani kwake.

"Nyoka," Nyangau akasema. "Anasema ni nyoka, bwana."

Hakimu akaandika. Joash akajikunja kwenye benchi, akaweka kichwa magotini. Askari walipomshika Bosibori mkono kumteremsha aende gerezani, Nyangau alikuwa bado amesimama, jasho linamtiririka, Biblia mkono mmoja na mwingine ameukandamiza chini ya mbavu, akisubiri aambiwe kwamba anaweza kukaa.